UZI: Jinsi tunavyowinda jeni za protini zinazotoka nje ya seli na zinazokaa utandoni, kwenye neva za konokono na wadudu

#1 BintiMaabara (Roysambu, Nairobi)

Salaam wadau. Juzi kwenye uzi mwingine nilitaja kwamba nachambua neva za konokono, na watu watatu wakaniuliza hiyo ni kazi gani. Nimeona niandike yote hapa kwa Kiswahili, kuanzia chini kabisa. Mwaka mzima haya nimeyasema kwa Kiingereza tu, na nikirudi nyumbani jioni nashindwa kumweleza mama yangu nimeshinda nikifanya nini.

Mnyama wangu ni yule konokono mkubwa wa nchi kavu, Achatina fulica. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, ingawa leo amesambaa Asia, visiwa vya Pasifiki na Amerika na kuwa balaa kwa wakulima. Naletewa kutoka Kwale kwa basi la usiku, ndani ya boksi lenye majani mabichi, na nje kibandiko kimeandikwa NAIROBI kwa kalamu nene. Kikumbukeni hicho kibandiko, nitakirudia.

Konokono hana ubongo mmoja kama wetu. Ana mafundo ya neva yaliyolizunguka koo lake, na baadhi ya seli humo ni kubwa kiasi kwamba unaziona kwa hadubini ya kawaida. Ndani ya mafundo hayo maelfu ya jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini, zimewaka, maana yake zinatumika. Nyingi zinafanya kazi za nyumbani ambazo kila seli inazifanya: kutengeneza nishati, kukarabati DNA, kuchakata taka. Mimi hizo sizitafuti. Natafuta jeni za makundi mawili: protini zinazomwagwa nje ya seli, na protini zilizopenya utando wa seli zikawa nusu ndani, nusu nje.

Kwa nini hizo? Kwa sababu nyuroni haina mdomo wala sikio. Mbali na kemikali ndogo kama asetilikolini, inachosema ni protini au vipande vya protini inavyovimwaga nje. Inachosikilizia ni protini zilizokaa utandoni: vipokezi, vinavyopokea ujumbe, na mifereji ya ioni, inayopitisha chembe zenye chaji ya umeme. Homoni, harufu, sumu ya nyoka, dawa ya minyoo, dawa ya mbu, nyingi hugusa mahali hapo kwanza.

Sasa kibandiko. Mwaka 1971 Günter Blobel na David Sabatini walipendekeza kwamba protini inayopaswa kutoka nje hubeba anwani yake mwanzoni mwa mnyororo. Mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein wakaonyesha kwa majaribio jinsi mambo yanavyokwenda, na mwaka 1999 Blobel akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, na anwani yenyewe ni amino asidi 15 hadi 30 hivi. Kwa kawaida huanza na chaji chanya kidogo, kisha hufuata fungu la amino asidi zinazochukia maji, halafu mahali pa kukatia. Ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ikianza tu kuutoa mnyororo, kipande hicho hukamatwa, kazi husimama kidogo, ribosomu hukokotwa hadi kwenye utando wa retikulamu, chumba cha ndani ya seli ambamo protini za kutoka nje huandaliwa, na mnyororo hupenyezwa kupitia tundu maalumu. Ukishapita, kimeng'enya hukata anwani na kuitupa. Ni kama lile boksi langu: likishafika Nairobi hakuna anayekihitaji kibandiko tena.

Protini ya utandoni nayo ina alama yake. Ili mnyororo uvuke utando wenye mafuta, amino asidi kama 20 mfululizo za kuchukia maji zinatosha. Mwaka 1982 Jack Kyte na Russell Doolittle waliipa kila amino asidi alama, kutoka isolusini yenye 4.5 hadi aginini yenye hasi 4.5. Ukipiga wastani wa amino asidi 19 kwa 19 kando ya mnyororo, vilima vinajitokeza. Kila kilima kirefu huenda ni mahali protini inapovuka utando. Wiki yangu ya kwanza nilizipiga hesabu hizo kwa mkono, kwenye karatasi ya mraba, kwa protini moja nzima. Wenzangu waliona napoteza muda. Nilipoona vilima saba vimesimama mbele yangu, nilielewa kitu ambacho hakuna programu iliyowahi kunieleza.

Kwa hiyo huhitaji kuiona protini yenyewe. Ukiwa na herufi za jeni, anwani inasomeka. Nakuja na sehemu ya pili usiku, stima ikiruhusu.

#2 Kijana_wa_Githurai

Dada nimesoma yote. Swali langu ni la mtu wa kawaida: kabla ya hizo programu watu walizipataje?

#3 BintiMaabara

Kwa jasho, kaka. Tuanze na mende. Mwaka 1975 watafiti wawili, Brown na Starratt, walitangaza muundo wa proktolini, peptidi ya kwanza ya neva za wadudu kujulikana muundo wake. Ni amino asidi tano tu. Ili kupata mikrogramu 180 walisaga kilo 125 za mende. Pima mwenyewe: magunia ya mende, na mwisho wa safari una chembe ambayo jicho halioni. Na jeni bado huna, una peptidi tu.

Wengine walipitia kingamwili. Maabara ya Corey Goodman kule California ilikuwa ikichunguza viinitete vya panzi ili kujua nyuzi za neva zinapataje njia ya kwenda zinakokwenda. Njia yao ilikuwa kumchoma panya tishu za neva za panzi, kukusanya kingamwili anazotengeneza, kisha kutafuta ile inayopaka rangi nyuzi fulani tu na kuziacha nyingine. Ukiipata, unaitumia kama ndoano ya kuvulia protini, unasoma kipande cha protini hiyo, na kutoka hapo unarudi nyuma hadi kwenye jeni. Mwaka 1992 walipata hivyo protini waliyoiita fasiklini IV. Baadaye ikaonekana kuwa ya ukoo mkubwa unaoitwa semaforini, ambao hata binadamu tunao, na ambao huziambia nyuzi za neva zipite wapi na zikwepe wapi. Na panzi mwenyewe ni wa jenasi ya Schistocerca, jenasi ileile ya nzige wa jangwani waliotuingilia mwisho wa 2019 na kula Samburu na Isiolo. Sisi tuliwaona kama wingu la njaa. Kwenye maabara ndugu zao walitufundisha jinsi uti wetu wa mgongo unavyounganishwa.

Kisha kuna mtego wa hamira, ambao kwangu ndio mzuri kuliko yote. Hamira hula sukari ya mezani kwa kutoa nje kimeng'enya kinachoivunja. Mtafiti anachukua hamira isiyo na jeni ya kimeng'enya hicho, anairudishia jeni hiyo ikiwa imekatwa anwani, na mahali pa anwani anapachika vipande vya jeni kutoka kwenye tishu yake, kila hamira kipande chake. Kisha anazilaza zote kwenye chakula chenye sukari hiyo peke yake. Zilizopachikwa kipande kisicho na anwani zinakaa na kimeng'enya ndani, zinakufa njaa. Zilizopata kipande chenye anwani zinakitoa nje, zinakula, zinakua. Asubuhi unaokota vinundu vilivyoota, na kila kimoja kimebeba mwanzo wa jeni ya protini inayotoka nje au inayokaa utandoni. Tasuku Honjo na wenzake huko Japani walikuwa wametengeneza mtego wa namna hiyo kwa seli za wanyama mwaka 1993, na ule wa hamira ukafuata miaka michache baadaye. Huhitaji kujua chochote kuhusu protini unayoitafuta. Njaa inakuchagulia.

#4 Hesabu_na_Jeni (Juja)

Safi sana. Mimi ni mtu wa kompyuta, nachangia kidogo. Programu ya SignalP, inayotafuta anwani kwenye herufi za protini, ilitoka mwaka 1997 kwa watu wa Denmark na Sweden, Henrik Nielsen, Jacob Engelbrecht, Søren Brunak na Gunnar von Heijne. Toleo la sita lilitoka 2022. Kwa protini za utandoni programu ya TMHMM ya 2001 ilitawala muda mrefu, sasa wengi wameingia DeepTMHMM.

Ila dada, kuna kosa ambalo kila mwanafunzi anayeniletea data hulifanya. Programu za zamani huchanganya mambo mawili kwa sababu anwani na kipande cha kuvuka utando vyote ni mafungu yanayochukia maji. Protini ya kutoka nje inahesabiwa kuwa ya utandoni, na ya utandoni inahesabiwa kuwa ya nje. Wewe ulipanga mpangilio gani? Ulianza na lipi?

#5 BintiMaabara

Umenigusa palepale panapouma. Nitasema ukweli wote, labda utamwokoa mtu miezi.

Niliposoma RNA (nakala za jeni zilizowaka) za mafundo ya neva na kuviunganisha vipande vyake, nilipanga ungo mbili. Ungo wa kwanza: pitisha protini zenye anwani, tupa nyingine zote. Ungo wa pili: katika zilizopita, zipi zina vipande vya kuvuka utando? Zenye vipande naziita za utandoni, zisizo navyo naziita za nje. Kwenye karatasi ilionekana safi. Nilimwonyesha msimamizi wangu orodha, naye akaisoma kimya, kisha akaniuliza swali moja: "Mfereji wa sodiamu uko wapi?"

Haukuwepo. Mafundo mazima ya neva, seli ambazo kazi yake ni kupiga umeme, na orodha yangu haina mfereji unaozaa umeme wenyewe. Wala wa potasiamu. Vipokezi vya vilima saba, yaani vinavyovuka utando mara saba, vilikuwa vichache ajabu.

Sababu ni hii. Mifereji mingi na vipokezi vingi vya vilima saba havina anwani ya kukatwa. Kilima chao cha kwanza chenyewe ndicho kinachokamatwa na kupelekwa utandoni, na hakikatwi, kinabaki kuwa sehemu ya protini. Mfereji wa sodiamu una amino asidi karibu 2,000 na unavuka utando mara 24, lakini mwanzoni mwake hakuna kibandiko. Ungo wangu wa kwanza uliutupa kabla sijauangalia. "Je, ina anwani?" na "je, inavuka utando?" ni maswali mawili yanayojitegemea. Yaulizwe yote mawili kwa protini zote, kisha ndipo upange makundi. Nilirudia kila kitu, na mifereji ikarudi.

Lakini upande wa protini za nje nao ulikuwa mwembamba mno, na hapo kosa halikuwa la kompyuta. Miezi mitatu kabla yake stima ilikuwa imepotea usiku kucha na jenereta haikuwaka. Friza ya nyuzi hasi 80 ilipanda joto, na tishu zangu zilikuwemo. Asubuhi zilikuwa bado ngumu, nikaamini ziko salama. Hazikuwa salama.

Fuateni hapa polepole. RNA ya jeni ina mkia wa adenini upande wa mwisho, na njia niliyotumia kuivua inashika mkia huo. RNA ikiwa nzima, unashika mkia na kuvuta uzi wote. RNA ikiwa imekatikakatika, unavuta mkia na kipande kifupi kilichoungana nao, na mwanzo unabaki kwenye maji ya kutupwa. Sasa anwani ya protini iko wapi? Mwanzoni. Kwa hiyo usiku mmoja bila stima ulifuta sehemu ileile niliyokuwa naitafuta, na kuniachia sehemu zilizobaki zikiwa zinapendeza tu. Programu haikudanganya. Ilisema hakuna anwani, na kweli kwenye herufi nilizoipa haikuwepo.

Nililia siku hiyo. Kisha nikampigia yule kijana wa Kwale aniletee konokono wengine. Siku hizi kabla ya kuipa programu chochote naangalia kama protini inaanza na methionini, amino asidi ambayo mnyororo huanza nayo, na kama kabla ya methionini hiyo kuna alama ya kusimama. Isiyo na mwanzo naiweka pembeni, siiiti "haina anwani".

#6 Hesabu_na_Jeni

Pole sana dada. Hiyo ya RNA kukatika nitawasomea wanafunzi wangu.

Naongeza mambo mawili. Kwanza, kuwa na anwani hakumaanishi protini imetoka nje. Nyingine zinaingia retikulamu na kukaa humohumo zikifanya kazi. Nyingi ya hizo zina herufi KDEL au zinazofanana nazo mkiani, yaani agizo la kurudishwa. Nyingine zinatoka lakini zinabaki zimeshikiliwa juu ya utando kwa mkia wa mafuta, bila kuuvuka. Angalia mikia.

Pili, zipo zinazotoka bila anwani kabisa. Mfano unaonishangaza hadi leo ni wa nzi wa matunda. Mwaka 2018 maabara mbili za Marekani zilitangaza pamoja kuhusu protini iitwayo Arc, moja kwa nzi na nyingine kwa panya: inajikusanya kuwa ganda kama la virusi, inabeba RNA yake ndani, na inavuka kutoka seli moja hadi nyingine. Kwa nzi inatoka kwenye neva kwenda kwenye msuli. Asili yake ni kipande cha kale kinachofanana na virusi kilichojipachika kwenye jenomu, yaani DNA yote ya mnyama. Ungo wa anwani hauwezi kuikamata milele.

#7 Daktari_wa_Mifugo (Kajiado)

Nafuatilia kwa makini. Mimi kila siku nawachoma ng'ombe na mbuzi aivamektini. Nilisoma zamani kwamba inaua minyoo kwa kupooza. Inaingia kwenye hadithi hii?

#8 BintiMaabara

Inaingia katikati kabisa, Daktari. Aivamektini inafungua mifereji ya kloridi inayofunguliwa na glutamati kwenye neva na misuli ya mnyoo. Mifereji ya namna hiyo wanyama wenye uti wa mgongo hawana, ndiyo sehemu ya sababu ng'ombe anapona na mnyoo anakufa. William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Nobel mwaka 2015 kwa dawa hiyo. Angalia tarehe lakini: dawa ilikuwa sokoni tangu miaka ya themanini, na jeni za mfereji zilipatikana 1994.

Zilipatikanaje? Walichukua RNA kutoka kwa mnyoo mdogo wa udongo, C. elegans, wakaipenyeza kwenye mayai ya chura. Yai likaisoma RNA na kupachika protini za mnyoo kwenye utando wake lenyewe. Ukilimwagia aivamektini na umeme ukapita, unajua ndani ya fungu hilo la RNA kuna mfereji unaoutafuta. Unaligawa fungu mara mbili, unajaribu tena, unagawa tena, hadi unabaki na jeni moja moja. Mnyoo huyo ana nyuroni 302 tu, na zote zimechorwa ramani. Dawa za mifugo wa Kajiado zimeeleweka kupitia kwake.

#9 Mzee_Pareto (Kinangop)

Binti yangu, hujambo. Sisi tulilima pareto miaka mingi, wazazi wetu walitusomesha kwa maua yale. Tuliambiwa tu kwamba yanaua wadudu. Nimesoma habari ya mfereji wa sodiamu nikajiuliza kama ndipo yanapogusa.

#10 BintiMaabara

Sijambo mzee wangu, na asante kwa swali. Ndipo hasa. Dawa ya ndani ya ua la pareto inaingia kwenye mfereji wa sodiamu wa mdudu na kuuzuia usifunge. Neva inapiga bila kukoma, mdudu anatetemeka, anaanguka. Jeni ya mfereji huo ilipatikana kwa nzi wa matunda mwaka 1989. Kulikuwa na nzi waliokuwa wakipooza joto likipanda na kuinuka likishuka, na watafiti wakafuatilia ulemavu huo hadi kwenye jeni, wakaiita para.

Dawa zinazopakwa kwenye neti zetu za mbu zimeigwa kutoka kwenye pareto, na zinagusa mfereji uleule. Kwenye amino asidi namba 1014, mbu wa kawaida ana lusini. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba mbu wa Anopheles gambiae kutoka magharibi mwa Kenya wana serini mahali hapo. Badiliko la amino asidi moja, katika mnyororo wa 2,000 hivi, na dawa inapoteza nguvu. Nikiambiwa kazi yangu ni ya kukaa tu na kompyuta, hapo ndipo mawazo yangu yanapokwenda: Siaya, chini ya neti, na herufi moja.

#11 Mbungo_Research (Kasarani)

Nimeingia kwa kuchelewa. Wadudu wana kisa kingine kizuri. Vipokezi vya harufu vya wadudu vilitafutwa miaka mingi kwa kufananisha na vya panya, vikakosekana. Mwaka 1999, jenomu ya nzi wa matunda ikiwa haijakamilika kusomwa, kundi la John Carlson lilitumia programu iliyotafuta umbo badala ya kufanana kwa herufi: protini yoyote yenye vilima saba. Ikavipata. Leslie Vosshall na Richard Axel nao wakavitangaza mwaka huohuo.

Kila mtu akadhani ni ndugu wa vipokezi vyetu vya vilima saba. Mwaka 2006 ikaonyeshwa kwamba vimepachikwa kinyume: mwanzo wa mnyororo uko ndani ya seli, wakati kwa vyetu uko nje. Ni ukoo mwingine kabisa, na vinafanya kazi kama mfereji. Hesabu ya vilima ilikuwa sahihi, lakini tafsiri iliyotokana nayo haikuwa. Kwa hiyo nakuomba dada, ukiona vilima saba kwa konokono wako usikimbilie kuandika jina. Angalia upande gani una aginini na lisini nyingi, maana upande huo kwa kawaida ndio wa ndani.

Kwetu hapa habari hizi ni za ng'ombe. Mbung'o hawapendi harufu ya kuro, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha hapa Nairobi, walitengeneza kola ya kumvalisha ng'ombe yenye mchanganyiko wa harufu hiyo. Jenomu ya mbung'o Glossina morsitans ilitangazwa 2014, na vipokezi vya harufu vinaweza kusomwa humo kimoja kimoja.

#12 BintiMaabara

Asante sana. Nimerudi kwenye orodha yangu usiku huohuo na kufuta majina mawili niliyokuwa nimeyapa kwa haraka. Sasa yameandikwa "vilima saba, upande haujathibitishwa".

Nami niwape kisa cha konokono. Mwaka 2001 kundi la Uholanzi lilitangaza protini kutoka kwa konokono wa maji baridi, Lymnaea stagnalis. Haitengenezwi na nyuroni, inatengenezwa na glia, seli saidizi zilizo kando yake. Inamwagwa nje, kwenye nafasi kati ya neva, na kunasa asetilikolini iliyozidi. Umbo lake linafanana sana na sehemu ya nje ya kipokezi cha asetilikolini, kile kinachokaa utandoni hata kwetu binadamu na kushikwa na nikotini. Kipokezi chenyewe kilikuwa kigumu kukigandisha kuwa fuwele na kukipiga picha kwa sababu ya ile sehemu yake ya ndani ya mafuta. Hii ya konokono haina sehemu hiyo, inayeyuka majini. Wakaigandisha, na kwa mara ya kwanza kikaonekana kwa undani kiti ambacho asetilikolini hukaa. Yaani protini ya nje ilifichua siri ya protini ya utandoni. Ndiyo maana napenda kuyaweka makundi haya mawili kwenye orodha moja.

#13 Kijana_wa_Githurai

Sasa dada, baada ya orodha yote hiyo, unajuaje kwamba kitu ni kweli kiko kwenye neva na si uchafu wa tumboni mwa konokono?

#14 BintiMaabara

Swali zuri kuliko unavyofikiri. Konokono huyu hubeba minyoo, na RNA ya mnyoo ikiingia kwenye sampuli inasomeka vizuri tu, ina anwani zake na vilima vyake. Nililinganisha kila jeni na jenomu za minyoo, nyingine zikaondoka.

Kisha unarudi kwenye tishu. Unatengeneza kipande cha RNA kinachoshikana na RNA ya jeni yako, unakitia rangi, unakiloweka kwenye fundo la neva, unaosha, unaangalia seli zipi zimeshika rangi. Nilianza na jeni moja ambayo nina imani nayo. Ina anwani mwanzoni, haina kilima kingine, na baada ya anwani kuna kipande kifupi kilekile kimerudiwa mara nyingi, kila kimoja kimewekewa mpaka wa lisini na aginini pande zote mbili. Hiyo ni sura ya jeni ya peptidi za neva: mnyororo mmoja mrefu unaokatwa kwenye mipaka hiyo na kutoa vipande vingi. Aplysia, konokono wa baharini, ana jeni kama hiyo ya homoni ya kutaga mayai, ambayo Richard Scheller na wenzake waliieleza mwaka 1983.

Jana saa kumi jioni niliweka slaidi chini ya hadubini. Fundo zima lilikuwa jeupe isipokuwa seli chache kubwa upande mmoja, zambarau iliyokolea, mpaka wa kila seli ukionekana. Nilimwita msimamizi wangu. Hakusema kitu kwa muda, kisha akavuta kiti akakaa.

#15 Mbungo_Research

Hongera! Hongera sana. Peptidi yenyewe umeshaiona au jeni tu?

#16 BintiMaabara

Jeni tu. Na kwa mnyama huyu ni lazima niende hadi kwenye peptidi. Mwaka 1989 Wajapani walitoa kwenye mafundo ya neva ya Achatina huyuhuyu peptidi ya amino asidi nne waliyoiita akatini-I: glisini, fenilalanini, alanini, asidi ya aspatiki. Fenilalanini yake imegeuzwa, ni ya mkono wa kulia, aina ya D. Iliyo ya kawaida haisisimui neva. Kwenye jeni zote mbili zimeandikwa kwa herufi zilezile, ugeuzaji unafanyika baadaye ndani ya seli. Hata mashine ya kupima uzito wa molekuli inaona uzito uleule kwa zote mbili, kwa hiyo itabidi nitengeneze za aina zote mbili na kuzilinganisha na ile ya kutoka kwa mnyama.

Boksi jingine la Kwale linafika Jumanne alfajiri. Nitakwenda kulichukua kabla jua halijawa kali.